Hubert na Kamera Iliyoimba Kanisani

Hubert alikuwa mtu wa namba, na ukitaka kumjua vizuri, anzia hapo. Kule Bukavu alifundisha fizikia miaka tisa, mpaka vita ya pili ya Congo ilipomtoa yeye na mkewe Arlène na kuwasukuma, kituo baada ya kituo, hadi Malawi. Watu wengine walikimbia na magodoro. Hubert alikimbia na kitabu cha majedwali ya hesabu. Ni kweli kabisa, na Arlène mpaka leo hajamsamehe, maana nafasi ile kwenye begi ingetosha vitenge viwili.

Mwaka 2002 walikuwa wamepanga chumba katika mtaa wa Area 25, Arlène akishona nguo za wanakwaya, Hubert akiuza vyombo vya umeme katika duka moja mjini Lilongwe. Redio na pasi ndiyo ilikuwa kaunta yake. Na aliuza, haki ya Mungu! Mteja akiuliza tu kama pasi hii ni nzuri, Hubert anamtajia wati zake, uzito wake, muda wa kupata moto kwa sekunde, mpaka mteja wa watu ananunua ili aachiwe aende zake. Mwenye duka, Bambo (yaani Bwana) Mkwezalamba, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alimpenda kwa hilo.

Jumatatu moja, mwezi mmoja kabla ya Pasaka, Bambo Mkwezalamba alimwita ofisini na kumwonyesha maboksi sita. Juu yake yameandikwa Sandoro. Ndiyo, kampuni ile ile iliyotengeneza zile pasi na redio za kaunta ya Hubert. Sasa walikuwa wametengeneza kamera ya dijitali, haitumii filimu, ukipiga picha unaiona hapo hapo kwa nyuma.

"Watu hununua kamera waliyoiona shingoni kwa mpiga picha," alisema kwa Kichewa. "Nasikia wapiga picha hodari wako Dzaleka, kambini kwenu wakimbizi. Wauzie hizi sita kabla ya Pasaka, na lile duka jipya la Area 25 utaliongoza wewe. Ukishindwa, nampa Norbert."

Norbert alikuwa mwenzake wa kaunta ya majokofu, mtu ambaye tayari alikuwa amekwenda kupima mlango wa duka jipya aone meza yake itapita vipi.

Kuongoza duka! Hubert alitoka pale masikio yakimwaka moto. Kule kwao alikuwa Mwalimu, watu wakimpisha njiani. Huku alikuwa "iwe wa ku Congo", wewe wa Congo, njoo ubebe hili, sogea kule. Miaka minne hakuna aliyemkabidhi hata ufunguo. Alilitaka duka lile kwa moyo wote, alilitaka mpaka usingizi ukamtoka, na Arlène ndiyo kabisa: kufikia Jumatano kwaya nzima ilikuwa inajua, na yeye amekwisha kukata kitambaa cha koti la mume wake chefu, yaani bosi.

Ijumaa Hubert akaomba ruhusa, akapanda basi dogo hadi njia panda, akamalizia kwa njinga ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi Dzaleka, boksi moja limefungwa kifuani kwa kanga kama mtoto mchanga.

Wapiga picha wa kambi walikuwa watano, na mkubwa wao alikuwa mwanamke, Mama Spès wa Uvira: mfupi, miwani imeshikwa kwa waya, mdomo hauna likizo. Alifika mwaka wa tisini na saba na kamera ya filimu iliyobaki katika studio yao ya kule, nzito kama tofali. Waliomfuata, kila aliyejaliwa kununua kamera alinunua ile yenye shingo sawa na ya Spès, ili lenzi ya huyu iingie kwa yule. Hakuna aliyekuwa na lenzi zote. Lakini wote pamoja walikuwa na lenzi saba, na hizo saba zilikaa ndani ya sufuria kubwa ya alumini yenye mfuniko wa kubana, zimelazwa kwenye blanketi na konzi ya mchele mkavu wa kunywa unyevu. Vumbi la Dzaleka mnalijua? Basi lile haliingii sufuriani. Kila Ijumaa mchana walikutana kwa Spès kugawana: mwenye ndoa kesho anachukua ile ndefu, mwenye ubatizo anachukua ile pana, Jumatatu zinarudi.

Hubert hakuyajua hayo. Alifika na njaa ya safari, akakuta watu watano wameizunguka sufuria.

"Karibu, Mwalimu!" Spès alimwita, maana Wakongo wenzake bado walimjua kwa jina hilo. "Ingia, kaa. Tuko nagawa."

Mtu mwenye adabu afanye nini? Hubert alinawa mikono kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni, akanawa vizuri mpaka kwenye viwiko, akaketi, akatandaza kiganja. Mulenda, kijana mrefu wa Fizi aliyekuwa anagawa, naye kwa adabu hiyo hiyo akadhani mgeni anataka kuona, akamwekea lenzi kiganjani. Maji tiriri.

"Mama yangu!" Spès aliruka na kanga yake yote. "Mikono iko na mayi! Futa! Mulenda, futa ile kitu mbio!"

Walifuta, wakapuliza, wakaifunika kwa mchele, halafu ndipo wakacheka. Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hubert alipewa ugali wa kweli, ambao huku wanauita nsima, na dagaa, na alipokwisha kula akafungua boksi lake na kuanza kusomesha.

Jamani, alisomesha! Alitaja megapikseli, alitaja kumbukumbu inabeba picha ngapi, alitaja gramu. Wale watano walisikiliza kwa heshima zote. Mulenda akaipokea kamera, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaishika pua na kuisokota kidogo.

"Lenzi inatokea wapi?"

"Haitoki. Imejengwa humo humo."

"Haitoke kabisa?"

"Kabisa."

Walitazamana mithili ya watu walioonyeshwa nyumba isiyo na mlango. Spès akagonga sufuria kwa kidole. "Na hizi zetu?"

"Hamtazihitaji tena!" Hubert alisema kwa furaha. Masikini, aliona ameleta habari njema.

Spès akauliza pete ya kugeuza mwanga iko wapi. Hubert akamwonyesha: unabonyeza hapa, menyu inafunguka, unashuka mara tano, unabonyeza tena. Spès hakubishana. Alichukua tofali lake, akafumba macho, na vidole vyake vikazungusha pete ya kwanza, ya pili, ya tatu, krr, krr, krr, kama mtu anayepukuchua mahindi huku anapiga soga. "Mi naangaliaka bibi harusi," alisema. "Siangaliaka mashini."

"Na ikiharibika mwaka kesho?" Mulenda aliuliza. Kamera yake ilikuwa imefunguliwa na kufungwa mara nne na fundi wa saa kule Biwi, mjini, na bado ilipiga.

"Mwaka kesho Sandoro watakuwa wameshatoa mpya, bora zaidi!"

Mulenda akairudisha kamera kwenye boksi. Lakini hawakuwa watu wa kumwaibisha mgeni, na tena mgeni wa kwao. Spès akamwambia, "Kesho iko ndoa ya Kabibi. Kuja nayo, tuione ku kazi."

Sasa hapa lazima niseme neno kuhusu maharusi wetu. Bibi harusi wa kwetu hacheki. Anatoka kwa mama yake, anaingia kwa watu. Akionyesha meno, mashangazi wa bwana harusi watasema huyu alikuwa anaichukia nyumba ya wazazi wake. Kwa hiyo anainamisha macho, anakaza midomo, anavumilia hivyo kutwa. Kabibi aliufanyia mazoezi uso wake wiki nzima mbele ya kioo, na siku hiyo aliingia kanisani amenuna vizuri mno, mashangazi wote watatu wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hubert alisimama mbele kabisa, karibu na pasta, nyuma yake kidogo. Spès alikaa mbali, pembeni ya kwaya, na ile lenzi ndefu. Pete ikatolewa. Hubert akabonyeza. Kamera ikawaza. Naam, ikawaza! Ikatoa pua, ikarudisha pua, ikawasha kitaa chekundu, na pete imekwisha kuingia kidoleni ndipo ikapiga picha. Na ilipopiga, ikaimba.

Maana Sandoro hao wanatia wimbo katika kila kitu chao. Pasi yao ikipata moto inaimba, redio yao ikizimwa inaimba. Hubert alikuwa amezoea, hasikii tena. Lakini kanisa lile lilikuwa kimya, pasta amefumba macho, na ghafla kutoka tumboni mwa Mwalimu: tililili-tili-li!

Midomo ya Kabibi ikatetemeka. Akajikaza. Hubert, kwa hofu, akabonyeza vifungo kuinyamazisha, nayo ikapiga tena na kuimba tena, mara hii ubeti wa pili. Kabibi akaachia. Alicheka mpaka shela likamteleza, bwana harusi akacheka, kwaya ikacheka, benchi kwa benchi hadi mlangoni. Pasta akaifunga Biblia akageukia ukuta, na mabega yake yakawa yanaruka. Watu watatu tu hawakucheka, na watu hao watatu walikuwa mashangazi.

Hubert aliamriwa kuomba msamaha mbele ya kanisa na kuleta kreti ya Fanta. Na picha yenyewe? Walipoitazama kwenye kile kioo kidogo, walikuta mgongo wa pasta. Ya pili ilikuwa mgongo wa pasta pia, kwa karibu zaidi.

Baada ya ibada alikaa nyuma ya kanisa peke yake, boksi magotini. Alikuwa na huzuni, sina haja ya kuificha. Spès alimfuata akakaa naye, na hapo ndipo Hubert alipomweleza yote: duka, Norbert, Pasaka, koti la Arlène, na lile neno "iwe" analolisikia tangu asubuhi mpaka jioni.

"Sasa we ulinyamaza ju ya nini?" Spès alimgombeza. "Ungesema tangu jana!"

Akawaita wenzake pale pale. Mpango wao ulikuwa hivi: Hubert azitoe dukani kwa mkopo na zile tano zilizobaki, Bambo Mkwezalamba aambiwe kamera zote zinafanya kazi Dzaleka, aje aone mwenyewe wiki ile ya Pasaka. Siku hiyo wao wataweka matofali yao chini na kuvaa Sandoro shingoni, watano wao na pasta wa sita, maana pasta alikwisha kuwasamehe. Akishaona na kumpa Hubert duka, mengine yatajulikana baadaye.

Mulenda alikuna kichwa. "Tutadanganya, Mama Spès? Wiki ya Pasaka?"

"Mi ni mukristo, mi sidanganye," Spès alisema. "Akiniuliza, nitamujibu ukweli kwa Kiswahili. Mwalimu njo atatafsiri."

Basi Jumamosi kabla ya Pasaka Bambo Mkwezalamba aliingia Dzaleka na pikapu yake, Hubert kando yake. Alikuta watu sita wamejipanga mbele ya nyumba ya Spès, Sandoro sita zinang'aa, na kwenye meza nyuma yao sufuria na zile kamera nzito. Alifurahi kupita kiasi, mikono akaisugua. Akamwendea Spès moja kwa moja na kumuuliza kwa Kichewa, Hubert akitafsiri, kwamba anaionaje kamera yake.

"Mwambie," Spès alisema kwa tabasamu zuri la kupokelea wageni, "inaimba kama mutu mwenye jino ya kuoza."

Hubert akakohoa. "Anasema sauti yake haisahauliki."

"Ukibonyeza, inafikiri kwanza. Mi nikingojea iwaze, bibi harusi anakwisha kuzaa."

"Anasema ni kamera yenye akili."

"Na yule aliyeitengeneza hajawahi kupiga foto hata ya kuku."

"Anasema... anasema watengenezaji wamefanya jambo ambalo halijawahi kufanyika."

Mulenda ilibidi ageuke na kujifanya anafunga kiatu. Pasta alitazama mbinguni, na huko mbinguni akakazia macho sana.

Bambo Mkwezalamba alikuwa ameridhika mno. Alimshika Hubert bega. "Duka ni lako," alisema. "Jumanne nakupa funguo." Hubert alizisikia funguo zile zikilia mfukoni mwa mtu yule, akasikia na moyo wake. Halafu macho ya mwenye duka yakatua kwenye meza.

"Na hizi kuukuu? Hawazihitaji tena, siyo? Basi nitazichukua pamoja na lenzi zake. Nitazigongea misumari kwenye ukuta wa duka jipya, na kibao juu: hivi ndivyo walivyopiga picha zamani. Wateja watapenda sana. Waambie."

Naye, mtu asiyependa kupoteza wakati, akaikumbatia sufuria kwa mikono miwili na kuanza kuelekea kwenye pikapu.

Hubert hakutafsiri. Wala hakukuwa na haja, maana miaka mitano ya soko na kisima ilikuwa imemfundisha Spès Kichewa cha kutosha. Hubert aliwatazama wale watu, akingoja mmoja wao apige kelele. Hakuna aliyepiga. Mulenda alikuwa amesimama wima, meno ameyabana. Spès aliishika Sandoro kifuani kwa mikono miwili, midomo imefungwa, na yule mama ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe alinyamaza. Waliahidi kumsaidia Mwalimu apate duka. Walikuwa tayari kuiona sufuria ikipakiwa kuliko kumwaibisha Mwalimu mbele ya bosi wake.

Hapo Hubert alishikwa na haya ambayo hakuisikia hata siku ya Kabibi.

"Abwana," aliita, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Weka sufuria chini. Tafadhali. Nimekudanganya."

Alimwambia yote, kwa Kichewa chake kibovu, amesimama katikati ya uwanja. Hakuna aliyenunua. Hakuna atakayenunua. Picha alizopiga na ile kamera ni mbili, zote za mgongo. Kosa si la hawa, wao wamefanya kwa kumhurumia, uongo ulitoka katika mdomo wake yeye.

Bambo Mkwezalamba aliiweka sufuria chini polepole. Jogoo wa jirani akawika mara mbili.

"Basi huyu mama," alisema mwishowe, "alisema nini hasa?"

Hubert akatafsiri upya. Jino lililooza. Bibi harusi anayezaa. Kuku. Alipofika kwenye kuku, tumbo la Bambo Mkwezalamba likaanza kutikisika, na ile sauti yake nyembamba ikapanda juu, akacheka mpaka akajishika kwenye pikapu. Halafu akafuta macho, akamwomba Spès amwonyeshe ndani ya sufuria. Spès akafungua. Akamtajia kila lenzi ni ya nani, ilitoka wapi na imeingia katika kamera za nani. Ile pana ilitoka Uvira, imefungwa ndani ya kilemba. Ile ndefu waliinunua pamoja, na imekwisha kuona ndoa mia. Mtu akipungukiwa, anakuja hapa. Akihama kambi, anaacha yake.

"Mtu akichukua kamera yangu ile ya kuimba," mwenye duka aliuliza, "huyo mtu anakuja kuchota nini hapa?"

"Hakuna kitu," Spès alijibu kwa Kichewa, yeye mwenyewe. "Atabaki peke yake."

Mwenye duka alizikusanya Sandoro zake sita kutoka shingoni mwao, moja moja, akashukuru kila mtu: zikomo, zikomo. Kisha akamgeukia Hubert. "Umenichekesha, na mwisho umesema kweli. Lakini asubuhi nzima umenitazama usoni ukinidanganya, na mimi siwezi kumpa mtu huyo funguo. Duka atachukua Norbert. Wewe Jumanne urudi kwenye pasi zako."

"Ndiyo, Abwana," Hubert alisema. Pikapu ikaondoka, vumbi likapanda, na duka la Area 25 likaondoka nalo.

Hubert aliketi kwenye benchi, akaanza kufikiri atamwambiaje Arlène. Spès alikwenda kwenye meza, akachukua tofali lake, lile la studio ya Uvira. Hakuna mtu mwingine Dzaleka aliyewahi kulivaa shingoni, si Mulenda, wala pasta. Aliupitisha mkanda kichwani mwa Hubert na kuunyoosha kwenye kola ya shati lake.

"Kesho kuko ubatizo, batoto kumi na mbili. Mi niko muchoko. Utaenda na Mulenda."

"Mama Spès, mi sijue kupiga."

"Najua. Njo maana utaenda na Mulenda."

"Na nikiiangusha?"

"Ukiiangusha, tutalia sisi bote. Kuja saa mbili, usichelewe."

Kamera ilikuwa salama kabisa kifuani pake, na Hubert akaanza kulia.